Sakafu ya Gari na Ulimbo wa Kuzibia Viungo Vyake



Mtu anunuapo gari huinua kifuniko cha injini akasikiliza mlio wake. Hupiga matairi kwa mguu, hutazama rangi, hujaribu honi. Ni wachache mno wanaoinama kutazama sakafu. Walakini sakafu ndiyo inayobeba miguu ya baba, mtoto aliyelala, na gunia la muhogo. Tena ndiyo ukuta pekee ulio kati ya abiria na mawe, maji na moshi wa chini. Leo twataka kuzungumza juu ya sakafu hiyo, na hasa juu ya kitu kidogo ambacho watu hukidharau, yaani ulimbo wa kuzibia viungo vyake. Labda mmoja atasema kwamba hiyo ni habari ya mafundi tu. Sivyo. Ni habari ya kila mzazi anayempandisha mtoto wake katika gari lililojengwa na mafundi wa kwetu.

Jambo lenyewe lilitufikia hivi. Sisi twafundisha shule hapa Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na wazee wetu wako juu, upande wa Fizi. Kati ya ziwa na milima kuna njia ya udongo, na juu ya njia hiyo hupita kila kitu: mafuta ya mawese, ndakala, muhogo, mahindi, wanafunzi, wagonjwa, na akina mama wanaokwenda kujifungua. Pikipiki hufanya kazi kubwa, lakini pikipiki haiwezi kumlaza mgonjwa. Basi nyumba nne za ukoo wetu zilikubaliana kuchanga fedha ili tujipatie gari. Gari jipya lilikuwa nje ya uwezo wetu. Tulinunua chasisi na injini ya Toyota Land Cruiser ya zamani, ambayo mwili wake wa juu ulikuwa umeliwa na kutu hata haufai tena. Shemeji yetu, fundi wa kulehemu, akakubali kuujenga mwili mpya: nguzo za chuma, kuta za bati, mabenchi mawili ya kutazamana, na sakafu ya mabamba ya chuma yenye unene wa milimita 2.

Asicheke mtu. Katika nchi zetu watu wamekwisha kujaribu makubwa kuliko hayo. Tanzania ina kituo cha Nyumbu, huko Kibaha, ambako jeshi limejenga malori yake. Kenya ilionyesha magari yake ya Nyayo Pioneer mwaka 1990. Katika Uganda, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Gari letu halihesabiwi pamoja na hayo. Lakini gari liwe limejengwa chuo kikuu, au liwe limejengwa chini ya mwembe, lina sakafu. Na sakafu ya mabamba ina viungo. Shida huanzia hapo.

Kwa nini viungoni? Kwa sababu fundi hawezi kulehemu mstari mzima tangu mwanzo hadi mwisho pasipo kupumzika. Bamba jembamba likichomwa mfululizo hupata joto kali, likajikunja kama jani lililokauka. Kwa hiyo hulishika hapa, akaruka vidole vinne, akalishika pale. Kati ya shiko na shiko hubaki upenyo ambao jicho halioni, lakini maji huuona. Tone moja likiingia kati ya mabamba mawili yaliyolaliana halitoki upesi. Jua halifiki, upepo haufiki. Hapo ndipo kutu hufanya kao lake.

Yafaa tufahamu vizuri kutu ni nini, maana mtu hawezi kupigana na adui asiyemjua. Chuma, maji, na oksijeni iliyomo hewani vikikutana, chuma huanza kugeuka kitu kingine, chekundu na chepesi kuvunjika. Kitu hicho huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa. Kikizaliwa kati ya mabamba mawili huyasukuma yaachane. Nafasi huongezeka, maji huingia zaidi, kutu huzidi. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Tena kutu haikomi kwa sababu imefunikwa. Ikiwa unyevu na hewa vimefungiwa pamoja nayo chini ya rangi, huendelea kula gizani, na mwenye gari haoni lolote mpaka siku mguu wake utakapopenya. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Sasa tuitazame njia yetu. Tangu Juni hadi Agosti ni vumbi. Hupanda kutoka chini kwa kila upenyo, likawafunika abiria wakafanana wote. Mvua zikija, mito hufurika na mabonde huwa matope. Mto Mutambala, ulio kaskazini ya Baraka, si mto wa kuchezewa wakati wa masika. Gari hupita majini, mawe hurushwa na matairi yakagonga sakafu kwa chini, na matope hushikamana pembeni yakakaa na unyevu wake siku nyingi. Ndani nako kuna maji: miguu iliyolowa, kikapu cha samaki kinachovuja, bidoni ya mawese ambayo kifuniko chake hakikazi. Sakafu hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Na mwili wote wa gari hujipinda kila gurudumu moja liingiapo shimoni, na viungo vyote hutikisika pamoja nao. Kumbukeni neno hilo la kujipinda, maana tutalirudia.

Hayo yote twaliyajua. Lakini siku tulipokutana kusema habari ya fedha, shangazi yetu mmoja, ambaye hakupata kuendesha hata baiskeli, aliuliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyekuwa ameliuliza.

«Mkwe wangu,» alimwambia shemeji yetu, «mwasema maji, maji, maji. Na moshi je? Bomba la moshi lapita chini ya watoto. Likitoboka, moshi utakwenda wapi?»

Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akamjibu kwa heshima, «Mama, utapanda juu.»

Ndiyo kweli yenyewe. Katika moshi wa injini ya petroli, ambayo kwetu twaiita esansi, imo hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushikamana nayo kwa nguvu zinazopita mara 200 zile za oksijeni. Hivyo damu huzunguka mwilini bila kubeba uhai. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi. Ole wetu, maana hizo ndizo dalili ambazo kila mama huzitaja akisema, «Mtoto huyu hawezi safari za gari.» Anamlaza mapajani, anafurahi kwamba amesinzia. Watoto wadogo na mimba zilizo tumboni huumia upesi kuliko watu wazima. Injini ya mazuti hutoa sumu hiyo kidogo kuliko ya esansi, lakini moshi wake pia si wa kuvutwa. Basi tangu siku ile hatukusema tena kwamba twatafuta kitu cha kuzuia matope. Tulisema kwamba twatafuta kitu cha kuwalinda watu.

Shemeji yetu alikuwa na rai yake. Alitaka lami. Lami ni rahisi, hupatikana, huyeyushwa kwa moto na kupakwa kwa brashi siku moja, na gari huanza kazi kesho yake. Tena kazi yenyewe ilikuwa yasubiriwa, kwa kuwa gari lisipotembea halileti hata faranga moja. Sisi hatukumpinga papo hapo. Tulimwomba atupe muda tuulize, kwa maana kijiji kilicho kando ya ziwa hakikosi watu wanaojua kuziba.

Kwanza tulishuka pwani kwa mafundi wa mashua. Kila mtu wa Baraka amewaona wakifanya kazi. Wakishaunga mbao za mashua, huchukua pamba iliyolowekwa katika mafuta ya mawese, wakaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo, kipande baada ya kipande. Kazi hiyo watu wa pwani ya bahari huiita kutia kalafati. Tulimkuta mzee mmoja ameketi chini ya mashua iliyopinduliwa, tukamweleza haja yetu: Je, pamba na mawese haviwezi kuziba sakafu ya gari?

Mzee alicheka taratibu. «Mwalimu,» akasema, «mashua yangu nikiishusha majini siku ya kwanza huvuja. Sijali. Naiacha inywe. Ubao ukinywa maji huvimba, ukaibana pamba, na mlango ukafungwa. Mimi nafanya nusu ya kazi, ubao wafanya nusu. Chuma chako hakinywi. Nani atakusaidia ile nusu nyingine?»

Hatujasikia somo la ufundi lililo fupi na kamili kuliko hilo. Dawa iliyo njema kwa mbao yaweza kuwa sumu kwa chuma: pamba iliyoshindiliwa kati ya mabamba ya chuma hushika unyevu kama sifongo, ikauweka pale pale tunapotaka pakauke. Hekima ya wazee si ya kutupwa, lakini si ya kuchukuliwa pia bila kuuliza ilizaliwa kwa ajili ya kitu gani. Mzee mwenyewe ndiye aliyetufundisha mpaka wa ufundi wake.

Wengine walituambia kwamba grisi au mafuta machafu ya injini yatosha. Na kweli katika ziwa letu hili kuna ushuhuda mkubwa wa grisi. Wajerumani walijenga meli Graf von Götzen huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta na kuiunga tena Kigoma. Vita vilipowalemea mwaka 1916, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikasafirisha abiria ziwani kwa miaka mingi. Injini zilikuwa zimekaa chini ya maji kwa miaka, nazo zikafaa tena.

Je, si basi tupake grisi? Hapana. Injini zile zilikuwa zimesimama kimya, hakuna aliyezikanyaga, hakuna jiwe lililozigonga. Sakafu ya gari hukanyagwa, husuguliwa, huoshwa kwa sabuni na kupigwa na changarawe. Grisi hufutika hapo inapohitajiwa sana. Vumbi huishika, ikawa tope jeusi katika nguo za abiria. Tena ubaya wake wa mwisho ni huu: chuma kilichopakwa mafuta hakishiki rangi wala ulimbo wo wote mpaka kisafishwe kabisa. Grisi yafaa kwa kitu kilichowekwa akiba, si kwa kitu kilicho kazini.

Habari ya lami tuliichunguza kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mikononi. Lami haipitishi maji, na ikipakwa upande wa chini wa sakafu hupunguza makelele na makali ya changarawe. Lakini katika joto la mchana karibu na bomba la moshi hulainika na kuchuruzika; ikizeeka hukauka na kupasuka, hasa mahali panapojipinda. Na ikipasuka haianguki yote. Hubaki imening'inia kama mfuko, maji yakaingia nyuma yake yasitoke. Tena ndani ya gari, lami iliyopata joto hutoa harufu inayoumiza kichwa. Kwa kuta za viungo vinavyotikisika, haikutufaa.

Duka moja lilituonyesha silikoni, ile ya mrija, ambayo watu huzibia madirisha na mabomba. Hujipinda vizuri sana, hata mtu akaipenda. Walakini silikoni ya kawaida, wakati wa kukauka, hutoa harufu kali kama ya siki. Na harufu hiyo ni asidi kweli, nayo hukila chuma kilicho uchi. Iko silikoni ya namna nyingine isiyotoa asidi. Lakini hiyo nayo ina kasoro iliyo sawa na ya mwenzake: rangi haishiki juu yake, na ukitaka kuitengeneza tena, hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya kale.

Mtu mwingine alitusifia rangi nyekundu ya risasi, ambayo mafundi wa zamani waliokaa na Wabelgiji waliiita miniamu. Ni kweli kwamba huzuia kutu. Lakini risasi ni sumu, na hudhuru akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Mtu aisugue rangi hiyo kwa msasa, vumbi lake litaingia katika chakula na mapafu. Haipaswi kuingia katika gari la jamaa. Siku hizi ziko rangi za kwanza zisizo na risasi: za zinki, na zile za epoksi ambazo huchanganywa kutoka mikebe miwili.

Mwisho kuna mastiki ya poliuretani, ambayo viwanda vya magari huitumia. Hutoka katika mrija kama silikoni, lakini tabia yake ni mbali. Hukauka kwa kuvuta unyevu uliomo hewani, karibu milimita 3 kwa siku. Ikishakauka huwa kama mpira mgumu, hushikamana na chuma kilichopakwa rangi ya kwanza, hujipinda pamoja nacho, na hukubali kupakwa rangi juu. Jua kali huidhoofisha ikiachwa wazi, basi yataka kufunikwa kwa rangi. Kasoro yake kubwa kwetu ilikuwa bei. Mrija mmoja wauzwa kwa fedha ambayo ingenunua lami ya sakafu nzima.

Kwa kuwa maneno ni maneno, tulitaka kuona kwa macho. Tuliwapa kazi hiyo wanafunzi wetu wa darasa la sita. Shemeji alikata vipande vya bamba moja, akaviunga viwili viwili kwa kuvilaza ukingo juu ya ukingo. Jozi moja ilipakwa mawese, ya pili lami, ya tatu silikoni ya siki juu ya chuma kitupu, ya nne mastiki juu ya rangi ya kwanza. Jozi ya tano ilipakwa mastiki hiyo hiyo, lakini juu ya chuma chenye kutu ambacho hakikusuguliwa. Tangu Januari hadi Mei wanafunzi walivitia majini, wakavitoa, wakavianika juani, na kila Jumamosi wakavipinda kidogo kwa mkono, mara ishirini. Kila mmoja aliandika katika daftari aliyoyaona.

Mawese yaliondoka kwanza. Kutu ilionekana kabla ya mwezi kwisha. Lami ilikaa vizuri wiki nyingi, kisha ikapasuka pale ilipopindwa. Silikoni haikupasuka, lakini walipoivua walikuta mstari wa kutu chini yake toka mwanzo hadi mwisho. Jozi ya nne ilibaki safi. Na jozi ya tano? Kwa nje ilikuwa sawa na ya nne. Wanafunzi wengi waliandika kwamba zote mbili zimeshinda. Ndipo shemeji mwenyewe alipochukua kisu, akaingiza ncha chini ya mastiki ya jozi ya tano. Iling'oka yote kama ganda la ndizi, ikabeba kutu mgongoni mwake. Ulimbo ulikuwa umeshika sana, ila ulishika kutu, wala haukushika chuma.

Shemeji alikaa kimya akiitazama. Kisha akasema, «Shemeji, tulikuwa tukibishana juu ya dawa. Kumbe neno kubwa ni kunawa kabla ya dawa.» Hapo ubishi wa lami ukaisha, naye ndiye aliyeumaliza.

Ilibaki fedha. Nyumba nne zilihesabu, na hesabu haikutosha kupaka mastiki sakafu yote. Lakini kwa nini tuipake yote? Katikati ya bamba hakuna upenyo. Hapo rangi yatosha. Mastiki yahitajiwa viungoni tu, na kando ya matundu ya skrubu. Tulipima viungo kwa kamba, tukajua urefu wake, na mirija ikapungua kuwa idadi ambayo tuliweza kuilipa. Lami tuliikubali kwa chini, juu ya rangi, kwenye mabamba makubwa yanayogongwa na mawe, mbali na bomba la moshi. Hivyo kitu cha bei kilikwenda mahali pa hatari, na kitu rahisi mahali pa kazi rahisi. Ndivyo mama mwema agawavyo nyama kidogo katika nyumba yenye wengi: humwangalia kwanza aliye mgonjwa.

Kwa faida ya wale watakaotaka kufanya hivyo, twaeleza mpango wa kazi.

Kwanza, kazi yote ya kulehemu iishe kabla ya kuziba, kwa kuwa moto huunguza rangi na ulimbo. Tangi la mafuta liondolewe kabisa kabla ya moto kukaribia. Bati lenye zinki lisilehemiwe bila kuondoa zinki mahali pa moto na bila kukaa penye upepo. Moshi wake mweupe huleta homa na baridi ya mwili usiku ule ule.

Pili, sakafu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, hasa viungoni. Vumbi lifutwe, mafuta yaondolewe kwa sabuni kisha kwa diluwa, na sakafu ikauke kabisa. Rangi ya kwanza ipakwe siku hiyo hiyo, maana usiku mmoja wa unyevu wa ziwa watosha kuamsha kutu mpya.

Tatu, mastiki itiwe viungoni juu ya rangi hiyo, ikandamizwe kwa kijiti mpaka iingie ndani, isilale juu tu kama mchirizi wa uji. Anayefanya kazi avae glavu, akae mahali pa wazi, asivute tumbako, na watoto wakae mbali mpaka ikauke. Ipewe siku zake. Haraka haraka haina baraka, hata kwa mtu aliyezaliwa Baraka.

Nne, sakafu isizibwe pasipo kuacha mlango wa maji. Katika kila pembe ya chini liachwe tundu lenye kizibo cha mpira. Maji ya kuoshea yakiingia yatolewe, kisha tundu lizibwe tena. Sakafu iliyozibwa kila mahali huwa beseni.

Tano, bomba la moshi litazamwe urefu wake wote, na mdomo wake utokeze nje ya mwili wa gari, usiishie chini ya abiria. Ulimbo ni ngao ya pili. Ngao ya kwanza ni bomba zima. Na abiria akilalamika kichwa kinamuuma, madirisha yafunguliwe, gari lisimame, na watu wote washuke.

Gari letu lilikamilika baada ya wiki tatu zaidi kuliko shemeji alivyokuwa amekusudia. Wiki tatu hizo zilituudhi sote; mawese yalisubiri, na mmoja wa jamaa zetu alikodi pikipiki mara nne akituhesabia kila faranga. Tangu hapo limepita masika moja. Shangazi ndiye aliyejiteua kuwa mkaguzi. Kila baada ya safari ya mvua huinua mkeka, akapitisha kidole chake katika kila kiungo, kisha akakinusa. Dereva humwogopa kuliko polisi wa njiani.

Wazazi wapenzi, nanyi vijana mnaojifunza ufundi, wengi wenu hamtajenga gari. Lakini wengi wenu mtapanda gari kesho au kesho kutwa. Kabla ya kumweka mtoto juu ya benchi, inueni mkeka. Mkiona mwanga wa barabara chini yake, au alama nyeusi za moshi kando ya kiungo, mwambieni dereva kwa upole, na mtafuteni mwenye gari. Wenye magari nao wasingoje Septemba. Miezi ya kiangazi, wakati chuma kimekauka na njia haina matope, ndiyo miezi ya kusugua na kuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika gari, ukuta huo ni wa kuwajengea watu, si mabati.